Mpaka wa Lawama: Simu ya Mkononi na Uchunguzi wa Mitandao katika Nchi ya Dhahabu

Kabla Daraja la John Pombe Magufuli halijafunguliwa baina ya Kigongo na Busisi tarehe 19 Juni 2025, fundi wa mawasiliano aliyeitwa kutoka Mwanza kwenda Geita alikuwa hana budi kuisubiri pantoni pamoja na malori ya saruji, mabasi na wachuuzi wa samaki, na yamkini kungoja kwake kukawa kurefu kuliko kazi yenyewe iliyomvusha maji. Kwani mara nyingi, baada ya nauli kulipwa na malazi kutafutwa, maradhi aliyoitiwa yalionekana kuwa ni waya uliochomolewa na mtu aliyekuwa akifagia, au neno la siri lililobadilishwa na kijana wa dukani akasahau kuwaarifu wenzake. Daraja limeifupisha njia ya ziwani. Halikuifupisha njia ya kutoka Geita mjini kwenda Nyarugusu, wala ya Kahama kwenda Kakola, wala ya Katoro kuingia ndani katika machimbo ya Rwamgasa, ambako mafundi wenye vipimo rasmi ni haba na watu wanaotegemea mtandao wanazidi kila mwaka.

Utegemezi huo umekwisha kuingia katika riziki. Mgodi wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, wa Bulyanhulu ukafuata mwaka 2001, Geita ikawa mkoa mwaka 2012, na Machi 2019 likafunguliwa Soko la Dhahabu la Geita, hata mchimbaji mdogo aliyezoea kuuza chembe zake kwa dalali pembeni ya karasha akapata mahali pa kupimiwa kwa mizani iliyo wazi, kulipa mrabaha wa serikali kwa namba ya malipo, na kuondoka na hati mkononi. Namba ile ya malipo haitoki ila kwa mtandao. Mashine ya EFD ya mwenye duka la vipuri hupeleka hesabu zake kwa mtandao. Hospitali inayotumia mfumo wa GoTHoMIS humwandikisha mgonjwa na kupokea malipo yake katika kompyuta zilizounganishwa. Na mwanafunzi wa Shinyanga anayeomba mkopo wa elimu ya juu hukaa katika stesheneri ya mjini akiitazama duara ndogo inayozunguka katika kioo, ilhali tarehe ya mwisho ya maombi inamkaribia. Bei ya dhahabu ya dunia yenyewe huangaliwa katika simu kabla ya muuzaji na mnunuzi hawajaanza kupatana.

Inapotokea kwamba mambo haya yote yamesimama, watu wa huku husema neno moja tu: mtandao unasumbua. Neno hili limebeba zaidi ya lilivyopaswa kubeba, kama vile zamani neno homa lilivyobeba malaria, taifodi na kichomi pamoja, na mgonjwa akapewa dawa ile ile kwa maradhi yasiyofanana. Mtandao unaosumbua waweza kuwa ni ruta iliyochoka, au anwani mbili zilizogongana, au mawimbi ya jirani yaliyoingiliana na yetu, au bando lililokwisha, au antena iliyosogezwa na upepo, au nyuzi za mawasiliano zilizokatika baharini maelfu ya kilomita kutoka Kahama. Kila moja ya sababu hizi ina mtu wake wa kuulizwa, na hapo ndipo ilipo thamani ya programu za simu za kukagua mitandao, ambazo ndizo muradi wa makala haya: programu hizi, zikitumiwa kwa maarifa, huweka mpaka wa lawama. Humwonyesha mwenye nyumba kosa lililo lake ndani ya kuta zake, na humpa ithibati ya kwenda kudai haki pale kosa lilipo upande wa aliyemuuzia huduma. Wachimbaji wanajua kadiri ya thamani ya bikoni katika ardhi yenye leseni mbili zinazopakana. Na mtandao nao una bikoni zake, ila hazionekani kwa macho.

Nitaeleza kwa kisa nilichokishuhudia mwenyewe. Nililala katika nyumba ya wageni mjini Katoro, mji wa biashara ulioshikana na Buseresere hata mgeni asitambue ametoka wilaya moja na kuingia nyingine, na nikakuta kwamba wageni wa vyumba vya mbele wanapata mtandao na wa vyumba vya nyuma hawapati, ingawa simu za wote zinaonyesha kwamba zimeunganishwa na waifai ya nyumba. Mama mwenye nyumba alikwisha kumlipa kijana mmoja mara mbili ili aizime ruta na kuiwasha, jambo ambalo lilileta nafuu ya saa chache na kisha maradhi yakarudi. Nilipofungua programu ya ukaguzi katika simu yangu nikiwa mbele, ilisema kwamba mlango wa kutokea nje ni 192.168.1.1, nilipokwenda nyuma na kuunganisha upya, ikasema mlango ni 192.168.0.1. Nyumba moja ilikuwa na milango miwili, na mmoja wapo ulielekea ukutani. Mtu fulani, kwa nia njema kabisa, alinunua ruta ya pili ili kuongeza nguvu ya mawimbi, akaichomeka katika waya ya ile ya kwanza pasipo kuizuia isigawe anwani. Nayo, kwa kuwa imeumbwa kugawa, ikawa inamkaribisha kila mgeni wa nyuma na kumwambia apitie kwake, na kwake hapakuwa na njia. Kuzima na kuwasha kulileta nafuu kwa sababu ruta zile mbili zilikuwa zikishindana kumjibu mgeni, na mara nyingine ile ya kweli hutangulia. Tuliingia katika mipangilio ya ile ya pili, tukaufunga ugawaji wake wa anwani, na kazi yote ilichukua muda wa kuchemsha chai.

Ni vema kufahamu programu ya namna hii hufanya nini hasa, maana anayeiona kuwa ni ramli ataiamini pasipostahili na kuidharau panapostahili. Simu ikiisha kupewa anwani na ruta, huutambua ukubwa wa mtaa iliomo, na mtaa wa kawaida wa nyumba au duka una nafasi 254 za anwani. Programu hupita nafasi hizo moja baada ya moja ikiuliza kwa sauti inayosikika mtaani kote: nani mwenye anwani hii? Aliye na anwani hiyo hujibu kwa kutaja namba yake ya kuzaliwa, iitwayo anwani ya MAC, yenye tarakimu na herufi 12, ambazo 6 za mwanzo humtaja aliyekitengeneza kifaa. Na kwa njia hiyo orodha hutoka ikionyesha kwamba hapa ipo printa, hapa kamera ya usalama, hapa simu ya kampuni fulani. Utaratibu huu wa kuuliza na kujibu uliandikwa na David Plummer mwaka 1982, kabla vijana wengi wanaoutumia leo hawajazaliwa. Desemba 1983 Mike Muuss, akifanya kazi katika maabara ya jeshi la Marekani, aliandika programu ndogo ya kurusha ujumbe mfupi na kuhesabu muda wa kurudi kwake, akaiita ping kwa kufananisha na mlio wa mitambo ya baharini inayopiga sauti majini na kusikiliza mwangwi. Van Jacobson, mwishoni mwa miaka ile ya 1980, akaongeza njia ya kuhesabu vituo ambavyo ujumbe hupitia: ujumbe wa kwanza hupewa umri wa kituo kimoja tu, wa pili vituo viwili, wa tatu vitatu, na kila unapokufa njiani kituo ulikofia hutuma habari ya msiba, hata ramani ya safari ikakamilika. Gordon Lyon naye alitoa Nmap mwaka 1997, chombo cha kubisha milango ya kompyuta na kujua ni ipi iliyo wazi. Kilichotokea tangu zamani hizo ni kwamba elimu iliyohitaji kompyuta kubwa na mtu aliyesomea imeingizwa katika simu ya shilingi laki mbili, kwa sura ya vitufe na rangi, kupitia programu kama Fing na nyinginezo za bure. Na kwa nchi kama yetu, ambapo kijana wa Masumbwe aweza kuwa na simu miaka mingi kabla ya kugusa kompyuta, badiliko hilo ni kubwa.

Katika orodha ile ya vifaa kuna faida ambayo wenye maduka huifurahia mapema kuliko zote, nayo ni kuwajua wanaotumia mtandao wao pasipo idhini. Haikosi kuonekana kwamba duka lenye wafanyakazi 4 lina vifaa 19 vilivyounganishwa, kwa kuwa neno la siri liliandikwa ukutani mwaka juzi na mtaa mzima ukaisha kulihifadhi. Lakini hapa nataka kuonya, maana nimeona mtu akimtuhumu jirani kwa orodha asiyoijua kuisoma. Simu za Android tangu toleo la 10 la mwaka 2019, na iPhone tangu iOS 14 ya mwaka 2020, hujipa anwani ya MAC ya bandia kwa kila mtandao zinaoungana nao, ili mwenye simu asifuatiliwe kila aendako. Na anwani ya bandia haimtaji aliyetengeneza simu, na yaweza kuwa si ile iliyoonekana hapo zamani. Dalili yake ni kwamba herufi au tarakimu ya pili katika anwani hiyo huwa 2, 6, A au E. Mwenye duka asiyejua hilo huona kifaa kigeni asichokitambua, akadhani ameingiliwa na mwizi, kumbe ni simu ya mkewe.

Tuje katika hewa, mahali ambapo mitandao ya miji ya machimbo hupata adha ya namna ya peke yake. Waifai ya kawaida husafiri katika masafa ya gigahezi 2.4, na katika masafa hayo zipo chaneli 13, ila zimebanana mno hata tatu tu, yaani ya 1, ya 6 na ya 11, ndizo zinazoweza kutumika pamoja pasipo kuingiliana. Wachimbaji wanalo neno la hali hii: mtobozano, yaani pale mashimo ya watu wawili, yaliyoanza juu yakiwa mbalimbali, yanapokutana chini ya ardhi na kila mmoja akadai kwamba mwenzake ndiye aliyevuka mpaka. Katika safu ya maduka ya Kahama, ambamo kila chumba kina ruta yake na kila ruta ilitoka kiwandani ikielekea chaneli ile ile, mtobozano wa mawimbi hutokea mchana kutwa. Na programu ya kupima mawimbi huuonyesha kwa vilima vya rangi vilivyopandana, ambavyo mtu asiye na elimu yoyote ya redio aweza kuvitazama na kuelewa kwamba kule kwenye chaneli ya 11 kuna nafasi na hapa kwenye ya 6 pamejaa. Kuhama chaneli hakugharimu hata senti.

Nguvu ya mawimbi huandikwa kwa namba zilizo chini ya sifuri, na jambo hili huwatatiza wengi: -50 ni nguvu nzuri, -80 ni mnong'ono. Tofauti baina ya mbili hizo si ya 30 kama hesabu ya sokoni. Kila inaposhuka 3 nguvu huwa nusu, kwa hiyo -80 ni hafifu mara 1,000 kuliko -50. Na hapa kuta zetu zina neno la kusema. Tofali la kuchoma hupunguza mawimbi. Bati huyarudisha yalikotoka. Vibanda vya machimbo vilivyojengwa kwa mabati juu na pembeni ni masanduku ya chuma, na mtu anayeiweka ruta ndani ya kibanda kimoja akitaraji kuitumia katika kibanda cha tatu anataraji mwanga upenye ndani ya sufuria iliyofunikwa. Nimeona watu wakinunua ruta ya bei kubwa zaidi mara mbili, mahali ambapo kutembea na simu kutoka chumba hadi chumba huku wakiitazama namba ile ikipanda na kushuka kungewafundisha kwa dakika kumi kwamba ruta ya zamani inatosha, ikisogezwa tu dirishani na kuinuliwa juu ya kabati.

Sasa kuhusu kasi, ambayo ndiyo chimbuko la magomvi mengi baina ya wateja na wauzaji wa intaneti. Huduma huuzwa kwa megabiti na watu hupakua kwa megabaiti, na baiti moja ni biti 8. Hivyo aliyenunua megabiti 10 kwa sekunde, akiona faili linashuka kwa megabaiti 1.25, amepewa haki yake kamili na hana sababu ya kunung'unika. Ajue vilevile kwamba kupima kasi ni kutumia intaneti. Kipimo cha sekunde 10 katika mtandao wenye megabiti 40 humeza megabaiti 50, na mwenye bando dogo la siku akipima mara tatu kwa hasira amejikata mwenyewe. Ping ndiyo rafiki wa maskini: ujumbe wake ni mfupi kiasi kwamba kuurusha mara mia hakumfilisi mtu, na majibu yake yana maana kubwa kwa anayejua kuyalinganisha. Apige kwanza katika ruta yake. Jibu likirudi baada ya milisekunde chache na pasipo kupotea, nyumba yake ni salama. Kisha apige katika anwani ya mbali inayojulikana kuwa imara, kama 8.8.8.8 ya Google. Ikiwa ya kwanza ni safi na ya pili inapotea mara tatu katika kumi, tatizo limevuka ukuta wa nyumba. Na ikiwa zote mbili ni safi, ilhali kurasa hazifunguki kwa majina yake, basi aliyelala ni mtafsiri wa majina, aitwaye DNS, naye hubadilishwa katika mipangilio ya simu au ya ruta. Katika vipimo vyote nilivyowahi kufundisha, hiki cha hatua tatu ndicho ninachotamani kila mwenye stesheneri na kila mhudumu wa mapokezi akijue kama anavyojua kuhesabu chenji.

Lakini macho ya simu yana upeo wake, na ni dhuluma kuwaficha watu upeo huo. Mfumo wa simu wenyewe umeifunga programu mikono kwa ajili ya sitara ya watumiaji: iPhone tangu iOS 11 ya mwaka 2017 haiziruhusu programu kuona anwani za MAC za majirani, wala haiziruhusu kuorodhesha chaneli za waifai zilizo angani; nayo Android tangu toleo la 9 la mwaka 2018 huiruhusu programu kuangalia anga mara 4 tu katika kila dakika 2, na haikubali ifanye hivyo mpaka mwenye simu aidhinishe kujulikana mahali alipo, kwa sababu majina ya waifai zilizomzunguka mtu yatosha kumtaja alipo. Simu iliyolala mfukoni haijibu inapoulizwa. Kompyuta yenye ulinzi mkali hunyamaza kimya. Na kimya si ushahidi wa kutokuwapo. Zaidi ya hayo, watu wengi wa ukanda huu hawana waifai kabisa, wanatumia laini ya simu moja kwa moja, na humo orodha ya majirani haiwezekani wala haihitajiki. Wakala wa fedha ambaye *150*00# imegoma kufunguka asipoteze muda na programu hizi, kwa kuwa menyu ile haipiti njia ya intaneti. Husafiri katika njia ya ishara za mnara wenyewe, na intaneti yaweza kuwa nzima huku menyu imekufa, na kinyume chake.

Yapo pia mambo yaliyo mbali kuliko mkono wa fundi yeyote wa Shinyanga. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa kusini mwa Afrika, na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya na nchi jirani kwa siku kadhaa. Siku ile katika miji yetu ruta zilizimwa na kuwashwa maelfu ya mara, mipangilio iliyokuwa sahihi ikaharibiwa na mikono yenye wasiwasi, na pengine vifaa vizima vilibadilishwa. Lakini aliyehesabu vituo vya safari kwa njia ya Jacobson angeona kwamba ujumbe unatoka nyumbani, unafika kwa mtoa huduma, unakwenda Dar es Salaam salama, kisha unapotelea ng'ambo. Kujua kwamba huna la kufanya ni maarifa yenye faida, maana yanakuzuia usibomoe kilicho kizima. Kinyume chake ni radi. Bonde la Ziwa Viktoria ni katika sehemu za dunia zinazopigwa na radi kwa wingi, na ruta iliyopigwa mara nyingi haifi yote: huungua tundu moja la waya, waifai ikabaki hai, taa zikaendelea kuwaka, na programu ikaorodhesha kila kitu isipokuwa kile kimoja kilichokuwa kwenye tundu lile. Programu haitasema kwamba ni radi. Mtu ndiye atakayekumbuka kwamba jana alasiri mvua ilinyesha.

Limebaki jambo zito kuliko yote, nalo ni idhini. Kubisha mlango wako mwenyewe ni ukaguzi. Kubisha mlango wa mwingine usiku ni jambo jingine. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuingia katika mfumo wa kompyuta pasipo haki, kubaki ndani yake baada ya ruhusa kwisha, na kunasa mawasiliano yasiyokuhusu. Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kufanya kazi tarehe 1 Mei 2023, imezipa taarifa za mtu heshima ya amana. Mwenye nyumba ya wageni anayekagua mtandao wake ili aurekebishe yumo katika haki yake. Akianza kuandika ni mgeni gani aliunganisha simu gani, usiku wa siku gani, na kuwasimulia watu, ameivunja amana ya waliolala chini ya paa lake. Na mgeni naye, kwa kuwa amepewa neno la siri la waifai, hakupewa ruhusa ya kubisha kamera za nyumba.

Katika migodi mikubwa idhini hugeuka kuwa suala la uhai. Vijana wetu wengi huajiriwa na makampuni yanayohudumia migodi hiyo, na huingia huko na simu zenye programu hizi, wakiwa na shauku ya kuonyesha ujuzi. Mitambo ya viwandani, yaani pampu, mikanda ya kusafirishia mawe, feni za kuingizia hewa chini ya ardhi, huendeshwa na vidhibiti ambavyo vingi ni vya zamani, vilivyoundwa kwa dhana kwamba hakuna mgeni atakayewahi kuvisemesha. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, katika mwongozo wake wa usalama wa mitambo ya viwanda, imesimulia juu ya ukaguzi wa ping uliofanywa katika mtandao uliokuwa ukiendesha mikono ya roboti yenye urefu wa futi 9: mkono mmoja uliokuwa umetulia uliamka na kuzunguka nusu duara. Aliyekuwa chumbani hakuumia, kwa kuwa alikuwa mbali na ulipoweza kufika mkono ule. Ujumbe ule ule ambao katika nyumba ya wageni hauna madhara ya kumwamsha paka, katika mgodi wenye watu chini ya ardhi waweza kusimamisha kidhibiti cha feni. Ndiyo maana nasema kwa msisitizo kwamba mlangoni mwa mgodi programu hizi zifungwe, na kila ukaguzi ufanywe na wahusika kwa kibali cha maandishi na kwa vyombo vilivyokusudiwa kazi hiyo.

Nimetumia neno mpaka wa lawama, na mpaka hauna faida ikiwa hapana anayeuheshimu. Mteja akiisha kuthibitisha kwamba tatizo liko upande wa mtoa huduma, utaratibu wa nchi humtaka alalamike kwanza kwa mtoa huduma mwenyewe, na asiporidhika apeleke shauri lake kwa TCRA, mamlaka ya mawasiliano iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, ambayo ina ofisi ya Kanda ya Ziwa jijini Mwanza. Wengi hawafiki huko, na sababu kubwa ni kwamba malalamiko yao hayana umbo: mtu anayesema kwa simu kwamba mtandao unasumbua hujibiwa azime ruta na kuiwasha, na pale mazungumzo huisha. Anayetaja tarehe, saa, milisekunde na idadi ya ujumbe uliopotea humlazimisha msikilizaji naye ataje jambo.

Yule mama wa Katoro aliifanya kazi hiyo kwa ukamilifu ambao sikuutaraji. Ruta ya pili ilipokwisha kutulizwa, vyumba vya nyuma vikapata mtandao sawa na vya mbele, lakini ikadhihirika kwamba wote kwa pamoja huukosa siku za mvua. Nilimwonyesha namna ya kupiga ping katika ruta na katika anwani ya nje, akampa kazi hiyo binti wa mapokezi, naye akachora mistari katika kurasa za nyuma za daftari la wageni, asubuhi, mchana na saa 2 usiku, kwa siku 11: ruta safi kila mara, nje safi siku za jua, nje hovyo siku za mvua na siku moja baada yake. Mama alipiga picha kurasa zile akazituma kwa waliomuuzia huduma. Walimjibu siku ya pili, na siku ya nne fundi wao alikuja na ngazi, akapanda juu ya paa penye antena inayoelekea mnarani, akafungua kiunganishi cha waya, akakiinamisha, na maji ya mvua yakamwagika juu ya bati.